Mbwa Mwenye Maradhi ya Kongosho Kismayu: Bakuli, Machinjio na Msimu wa Kusi

Majibu ya damu yakirudi na kuonyesha TLI, kipimo cha utendaji wa kongosho, chini ya mikrogramu 2.5 kwa lita, shaka imekwisha. Mbwa mzima huwa juu ya 5.7. Huyo wako aliyekuwa akila bila kushiba huku mbavu zinahesabika, akinya mara kadhaa kwa siku kinyesi kingi cha rangi ya manjano iliyopauka, chenye mafuta na uvundo, na pengine akikirudia kukila, sasa anajulikana anaumwa nini. Kongosho lake haliwezi tena kutoa vimeng'enya vya kusagia chakula. Dalili za ugonjwa huu huchelewa mno. Hujitokeza pale zaidi ya asilimia 90 ya sehemu inayotengeneza vimeng'enya imeshakufa, na kilichokufa humo hakifufuki. Tangu siku hiyo kila mlo wake, hadi mwisho wa maisha yake, lazima uje na vimeng'enya kutoka nje.

Naandika nikiwafikiria hasa wale wanaotunza mbwa Kismayu na pwani yake. Huu si mji wa mbwa wa sebuleni. Mbwa wengi wanaoonekana ni wale wasio na mwenyewe, wanaozunguka machinjioni na ufukweni, na hao hakuna anayewatoa damu. Anayepimwa TLI ni mbwa wa kazi: mlinzi wa ghala, wa hoteli au wa ua wa shirika, au mbwa wa kunusa vilipuzi wa aina ile iliyoletwa Somalia kufanya kazi na majeshi ya Umoja wa Afrika. Na mbwa wa kazi mara nyingi ni German Shepherd, aina ambayo katika tafiti za Ulaya imetoa zaidi ya nusu ya wagonjwa wote wa maradhi haya. Kwao kongosho hunyauka lenyewe, kwa sababu kinga ya mwili hulishambulia, na mara nyingi mbwa huwa bado kijana. Mbwa wa aina nyingine huenda akafika hapo kwa njia tofauti, kongosho likiwa limevimba mara kwa mara kwa miaka hadi likaisha. Muulize daktari wako ni ipi kati ya hizo mbili, maana jibu lake litaamua habari ya mafuta, nitakayoifikia mbele.

Kabla ya yote, hakikisha kilichopimwa ni TLI ya mbwa, damu ikiwa imetolewa baada ya kufunga kula saa nane hadi 12. Kipimo cha namna hiyo cha binadamu hakisomi damu ya mbwa, na vipimo vya amilesi na lipesi havitambui ugonjwa huu. Huku kwetu mbwa hukonda kwa sababu nyingi: safura, kupe na homa zao, hata malale kwa mbwa waliozunguka bonde la Juba. Kama uliambiwa "ni kongosho" kwa kutazamwa tu, bado hujaambiwa kitu.

Vimeng'enya vinapatikana kwa njia mbili, unga wa dukani au kongosho bichi la mnyama aliyechinjwa. Mwaka 1987 Elias Westermarck wa Finland alichapisha majaribio yake ya kulinganisha dawa za aina mbalimbali na kongosho bichi lililosagwa, na lile bichi likawa sawa na unga bora kabisa. Vidonge na vifuko vilivyopakwa tabaka la kuzuia asidi ya tumbo vilibaki nyuma. Hili lina maana kubwa kwa mtu wa Kismayu, kwa sababu dawa ya kongosho unayoweza kuagiza kwa urahisi katika maduka ya dawa ya binadamu, kama Creon, ni ya aina hiyo iliyopakwa. Baadhi ya mbwa huendelea nayo vizuri vifuko vikifunguliwa na chembe zake kunyunyizwa kwenye chakula, lakini usianze nayo kama una njia nyingine.

Unga wenyewe huanza kwa kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo 10 za uzito wa mbwa, kwa kila mlo. Mbwa wa kilo 30 anakula vijiko vitatu asubuhi na vitatu jioni. Mkebe huisha upesi, bei yake hupanda ikishapita mikono ya Nairobi na kusafiri kwa ndege, na joto na unyevu wa pwani huuharibu ukiachwa wazi. Usiupulizie wala kuumwaga kwa kishindo, maana vumbi lake likivutwa puani huleta pumu kwa watu wengine, na mkono wenye jeraha utauhisi.

Zaidi ya hayo, unga huu karibu wote hutokana na nguruwe. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na watu wengi wa pwani hii, mbwa na nguruwe wote ni najisi nzito. Kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kumweka mbwa wa ulinzi, wa mifugo au wa kuwinda kumeruhusiwa, na kumtendea mema mnyama aliye mikononi mwako ni wajibu. Lakini mlinzi anayeombwa kushika unga wa nguruwe mara mbili kila siku ana haki ya kuambiwa ni unga wa nini. Nimeona watu wakificha jambo hili kwa kudhani wanarahisisha mambo. Mwambie, mpe glavu, mwache amuulize mwalimu wake. Akisema hapana, kubali, kwa sababu iko njia ya pili, na kwa Kismayu mimi naiona ndiyo bora.

Njia hiyo ni machinjio. Mji huu haujawahi kukosa mifugo. Warusi walijenga hapa kiwanda cha kusindika nyama kwa sababu hiyo. Kongosho la ng'ombe halina soko kubwa, na mchinjaji akizoea kukuwekea atakutoza kidogo. Ila wengi hawalijui kwa jina. Nenda mwenyewe mara ya kwanza, umwonyeshe: ni kipande laini, cha rangi ya waridi iliyofifia, chenye vinundunundu vidogovidogo, kimejilaza kando ya mwanzo wa utumbo mwembamba kikielekea upande wa bandama. Si bandama, ambayo ni nyekundu iliyokoza, wala si tezi ya shingoni mwa ndama. Akikupa tezi ya shingo, mbwa atakula vizuri na ataendelea kukonda. La mbuzi na la kondoo lina kazi ile ile, isipokuwa ni dogo na utahitaji mengi.

Lichukue mapema, wakati nyama bado ina joto la uhai, uliweke kwenye boksi la barafu kama wanavyofanya wavuvi na samaki wao. Kongosho limejaa vimeng'enya vya kumeng'enya nyama, na lenyewe ni nyama; katika joto la Kismayu hujila lenyewe kwa saa chache. Ukifika nyumbani ondoa shahamu na utando, likate vipande vidogo sana au ulisage kwa mashine ya nyama, kisha ufunge mifuko midogo, kila mmoja wa mlo mmoja. Gramu 30 hadi 90 huchukua nafasi ya kijiko kimoja cha chai cha unga. Kwa mbwa wetu wa kilo 30 anza na gramu 150 kwa mlo, yaani gramu 300 kwa siku, kilo 9 kwa mwezi. Kinyesi kikishatengemaa na uzito ukirudi, punguza polepole, kwa majuma, mpaka upate kiasi kidogo kinachomtosha. Wengi hushuka sana kutoka pale walipoanzia.

Likigandishwa vizuri kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kongosho hubaki na nguvu zake kwa miezi mitatu bila wasiwasi. Kupika kunaliua. Kulichemsha, kulikaanga, kuliyeyusha kwa maji ya moto au kulichanganya na wali unaofuka moshi ni kulitupa. Liyeyushe ndani ya friji usiku kucha au kwa maji ya kawaida, na chakula chenyewe kiwe kimepoa kiasi cha kidole kuvumilia bila kusita. Hili ndilo kosa la kwanza ninalolitafuta ninapoambiwa "dawa haifanyi kazi", na mara nyingi sihitaji kutafuta la pili.

Nyama mbichi ina hatari zake, na hapa sitaki mtu adanganyike. Mifugo ya Afrika Mashariki hubeba mafuko ya maji ya tegu mdogo wa mbwa, hasa kwenye maini na mapafu. Mbwa akiyala, tegu hukua tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, na binadamu akiyameza hupata mafuko yale yale ndani ya mwili wake. Kwa hiyo usikubali kongosho lililokuja limefungamana na ini au pafu, tupa lolote lenye uvimbe wa maji, na liache ligande kabisa wiki mbili kabla ya kulitumia. Kuganda huua mabuu ya tegu huyo. Hakuui bakteria wa brusela wala salmonela. Mbwa huyu apewe prazikwanteli kila wiki sita, bila kungoja dalili. Na mvua kubwa zikinyesha, zile za kufurika Juba, uliza habari za Homa ya Bonde la Ufa kabla ya kwenda machinjioni. Mlipuko wa mwaka 1997 na 1998, na ule wa 2006 na 2007, ulifika kusini mwa Somalia, na waliogusa damu na viungo vya wanyama wagonjwa ndio waliokuwa hatarini zaidi. Mlipuko kama huo ukiwepo, rudi kwenye unga.

Kutokana na hayo, vifaa vya mbwa huyu vitengwe: kisu chake, ubao wake, bakuli lake, na friza ndogo yake kama uwezo upo. Umeme wa Kismayu ni ghali, lakini friza ndogo inayojaa hukaa na baridi kwa muda mrefu umeme ukikatika. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji yaliyoganda.

Utasikia ushauri wa papai. Papai limejaa bonde la Juba, na ni kweli lina kimeng'enya kinacholainisha nyama. Halina cha kuvunja mafuta, na mafuta ndiyo yanayompita mbwa huyu. Nanasi vilevile. Kwa wavuvi wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, walio na matumbo ya samaki kila siku, nako hakuna njia: kongosho la samaki wengi wenye mifupa limetawanyika ndani ya shahamu ya matumbo, hulioni wala hulikusanyi. Mbwa aliyeko visiwani, ambako mnyama mkubwa hachinjwi kila siku, ni mbwa wa unga, au wa mifuko iliyogandishwa inayopelekwa kwa mashua. Na hapo ndipo upepo wa kusi unapoingia. Tangu Mei hadi Agosti bahari huchafuka na vyombo vidogo hukaa. Mtu wa visiwani awe na akiba ya unga ya miezi minne ifikapo mwisho wa Aprili, na hata mwenye kukaa mjini asiruhusu akiba yake ishuke chini ya mwezi mmoja.

Chakula chenyewe hakina siri. Kiwe chepesi kusagika na chenye nyuzinyuzi kidogo, kwa kuwa nyuzinyuzi nyingi huvizuia vimeng'enya kufanya kazi. Wali uliopikwa ukalainika, samaki aliyechemshwa na kutolewa miba yote, jodari au nguru, nyama ya mbuzi isiyo na shahamu nyingi, kuku, yai lililopikwa. Kunde, maharagwe na pumba viwe mbali. Chakula cha nyumbani cha wali na nyama tupu hukosa kalisi. Ganda la yai lililokaushwa na kusagwa mpaka likawa unga, takriban kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo ya nyama, huziba pengo hilo. Miezi ya mwanzo atahitaji kula zaidi ya mbwa mwenzake wa uzito ule ule, kwa milo miwili au mitatu, na chakula kiwe na majimaji. Unga mkavu unaobaki mdomoni huwatoa baadhi ya mbwa damu kwenye fizi na ulimi. Ukiona hivyo ongeza maji, na umwombe daktari apunguze kipimo.

Kuhusu mafuta, zamani walikuwa wakiyakataza kabisa. Utafiti haukuonyesha kwamba mbwa aliyenyauka kongosho hupata nafuu zaidi kwa kunyimwa mafuta, mradi vimeng'enya vipo. Akikosa mafuta huchelewa kunenepa. Mambo ni tofauti kwa yule ambaye kongosho lake liliishia kwa kuvimba. Huyo mkia wa kondoo na nundu la ngamia vinaweza kumlaza hoi usiku huo huo.

Hatari kubwa zaidi kuliko zote kwa mbwa wa Kismayu ni sahani ya masalia. Wali wa Kisomali una mafuta, una vitunguu, una thomu, na mara nyingi una zabibu. Vitunguu na thomu huharibu damu ya mbwa yeyote, zabibu huweza kuua figo zake, na chakula hicho hakina kimeng'enya hata kimoja. Mlinzi wa usiku anayemtupia mbwa mfupa, mpishi anayemwonea huruma kwa sababu amekonda, mtoto anayempa mkate getini: wote wana moyo mwema, na wote wanamharisha. Chochote anachokula bila vimeng'enya kinampita tu, kikiwalisha bakteria njiani. Mnyime hata kionjo kidogo. Na eneo lake lisafishwe kinyesi kila siku, chake na cha wenzake, kwa sababu atakila.

Kitu kinachosahauliwa kuliko vyote ni vitamini B12. Kwa mbwa, kongosho ndilo linalotoa sehemu kubwa ya protini inayoiwezesha vitamini hii kufyonzwa, kwa hiyo wengi wa wagonjwa hawa huwa wameishiwa nayo. Tafiti zimeonyesha kwamba waliopungukiwa sana B12 ndio walioishi muda mfupi zaidi. Pima, na kama huwezi kupima, mwombe daktari aanze tu. Mbwa wa kilo 30 hupewa takriban mikrogramu 1,000 chini ya ngozi mara moja kwa wiki kwa wiki sita, kisha sindano moja baada ya mwezi, halafu damu ipimwe mwezi unaofuata. Ni ampuli moja ya mililita ya B12 ya binadamu, na bei yake ni ndogo. Usikubali kupewa sindano ya mchanganyiko wa vitamini B badala yake. B12 yake ni kidogo mno kwa kazi hii, na inauma. Asiyeweza sindano atumie vidonge vya B12 kila siku. Navyo vimethibitika kufanya kazi.

Ukifanya yote haya, kinyesi huanza kubadilika ndani ya juma la kwanza na uzito hufuata. Mpime kila juma. Kama huna mizani ya mbwa, ile ya kuning'iniza ya kupimia samaki inatosha, mbwa akiwa ndani ya gunia lenye matundu ya miguu. Atachukia mara ya kwanza, atazoea. Andika namba, usitegemee macho, kwa kuwa manyoya ya German Shepherd huficha mengi.

Kama baada ya wiki mbili au tatu hakuna badiliko, usikimbilie kubadilisha dawa. Kwanza uliza kama chakula kilikuwa cha moto, kama mkebe umepitwa na muda, kama anapewa masalia kwa siri, kama kiasi ni kile. Kisha B12. Baada ya hapo ndipo daktari anapofikiria bakteria waliozidi utumboni, ambao hutibiwa kwa tailosini, dawa iliyoko katika maduka ya mifugo kwa ajili ya kuku, au metronidazoli. Usimpe mwenyewe kwa kubahatisha. Unga wa kuku una vipimo vyake. Asidi ya tumbo nayo huua kimeng'enya cha mafuta, na omeprazoli imewasaidia baadhi. Akianza ghafla kunywa maji na kukojoa kupita kiasi, apimwe sukari. Na tumbo likivimba kwa ghafla, akawa ananyong'onyea na kutapika, usisubiri asubuhi: German Shepherd wenye maradhi haya wamewahi kufa kwa utumbo kujisokota.

Nani ataishi? Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2007, karibu sita kati ya kila mbwa kumi waliitikia matibabu vizuri, na nusu ya waliotibiwa waliishi zaidi ya miaka mitano. Wengi waliouawa, waliuawa mapema, mwenyewe pengine akiwa amechoka au ameishiwa fedha. Huo ni uamuzi wako na sikuhukumu. Lakini usiuchukue kabla ya miezi miwili ya matibabu kamili, na bei ya kongosho la machinjioni uihesabu kabla hujasema huwezi. Mbwa aliyenenepa hurudi kazini, doria na kunusa, kama kawaida. Kuzaa asizae. Ugonjwa wa kunyauka unarithiwa kwa njia isiyo rahisi kufuatilia, na mbegu yake haifai kuendelezwa hata kama ni hodari namna gani.

Limebaki jambo la mikono. Mbwa wa Kismayu hubadilisha walezi: mkataba wa mtu unaisha, zamu inabadilika, askari anarudi kwao. Teua mtu mmoja wa kumlisha na mmoja wa akiba, wengine wote wasiguse bakuli. Kipimo, siku ya sindano ya B12, siku ya dawa ya minyoo, jina la mchinjaji na simu ya daktari viandikwe kwenye ukurasa mmoja, Kiswahili upande huu na Kisomali upande wa pili, utiwe plastiki na ubandikwe mlangoni mwa friza. Atakayekupokea asome mbele yako, kisha atayarishe mlo mmoja wewe ukiwa umesimama pembeni.